Fahamu: Kitimoto ya Mbangala, bún chả ya Hanoi, na kwa nini nyama ya nguruwe lazima iive

Ukipita jioni kwenye vibanda vya chakula katika ukanda wa Mkwajuni, Saza na Mbangala, wilayani Songwe, ipo harufu ambayo haihitaji kibao cha tangazo. Ni mafuta ya nguruwe yanayodondokea kwenye mkaa. Mteja anafika, anaangalia nyama iliyotundikwa, anaonyesha kipande kwa kidole: "Kaka, nikatie nusu hapo kwenye mbavu, ifanye kavu, weka na ndizi mbili." Muuzaji anakata, anapima, na mteja anatafuta kiti asubiri.

Mbali sana na hapa, jijini Hanoi, nchini Vietnam, mteja mwingine huwa anakaa kwenye kigoda cha plastiki pembeni mwa barabara na kuagiza nyama hiyohiyo, iliyochomwa kwa mkaa huohuo. Tofauti ni kwamba yake inakuja na tambi za mchele, majani mabichi na bakuli la mchuzi mwepesi. Chakula hicho kinaitwa bún chả, na hutamkwa karibu na "bun cha".

Makala haya yanaeleza vyakula hivi viwili: vinavyopikwa, vinavyoliwa na vinavyofanana. Yanaeleza pia jambo ambalo mlaji wa Mbangala na wa Hanoi wote wanapaswa kulijua, kwamba usalama wa sahani ya nguruwe huanzia bandani na chooni, muda mrefu kabla ya jiko kuwashwa.

Kitimoto ni nini?

Kitimoto ni jina la mtaani la nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa kuuzwa, na limeenea Tanzania nzima. Wengine husema "mdudu", wengine "mbuzi katoliki". Maelezo yanayosikika zaidi kuhusu jina hilo ni kwamba baadhi ya walaji walikula kwa kificho, wakihofia kuonekana na ndugu au majirani ambao dini yao hairuhusu nyama hiyo. Aliyekaa pale alikuwa kama amekalia kiti cha moto.

Utani huo una historia nzito nyuma yake. Mwezi Aprili 1993, jijini Dar es Salaam, mabucha ya nguruwe yalishambuliwa na kuvunjwa wakati wa mvutano wa kidini, na tukio hilo likawa suala la kitaifa. Sehemu nyingi leo kibanda cha kitimoto hukaa peke yake, kina visu vyake, mizani yake na karai lake. Ni utaratibu wa kuheshimiana, na wafanyabiashara wazoefu huufuata bila kusukumwa.

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 baada ya kugawanywa kwa Mkoa wa Mbeya. Ufugaji wa nguruwe wa nyumbani ulikuwepo huku tangu zamani, hasa Mbozi, ambako mahindi na pumba hupatikana kwa urahisi. Kwa familia nyingi nguruwe ni akiba: anakua haraka, jike huzaa watoto wengi kwa mpigo mmoja, na anaweza kuuzwa ada ya shule inapodaiwa.

Inavyopikwa kwetu

Mteja wa kitimoto huchagua nyama ikiwa mbichi, ikapimwa mbele yake kwa robo, nusu au kilo. Baada ya hapo huulizwa anataka ya namna gani. "Kavu" ni nyama iliyokatwa vipande na kukaangwa kwenye karai hadi maji yakauke na mafuta yake yenyewe yaifanye iwe kahawia. "Rosti" huongezewa nyanya, vitunguu, karoti na pilipili hoho. "Choma" huwekwa juu ya mkaa, mara nyingi mbavu au paja.

Huliwa kwa mkono, watu wawili au watatu kwenye sahani moja, pamoja na ugali au ndizi, kachumbari, chumvi pembeni, pilipili na ndimu. Ndimu na kachumbari si mapambo. Nyama ya nguruwe ina mafuta mengi, na uchachu huyakata mafuta hayo mdomoni ili tonge la kumi liwe tamu kama la kwanza. Kumbuka kanuni hiyo, kwa sababu Wavietnam nao wanaitumia, kwa njia yao.

Bún chả ni nini?

Watanzania wengi wanaifahamu Vietnam kwa mambo mawili: korosho zetu ghafi zinazouzwa huko kwa wingi, na kampuni ya simu ya Halotel, iliyoanza huduma nchini mwaka 2015 na ambayo ni ya kampuni ya Viettel ya Vietnam. Chakula chao hakijulikani sana huku, ingawa viungo vyake vingi vinapatikana kwenye masoko yetu.

Neno "bún" maana yake ni tambi nyeupe, nyembamba na laini zinazotengenezwa kwa mchele. "Chả" hapa ni nyama ya nguruwe ya kuchoma. Huwa ya aina mbili katika bakuli moja: vipande vyembamba vya nyama ya tumbo yenye mafuta, na vidonge bapa vya nyama ya kusaga. Zote hulowekwa kwenye kitunguu saumu, vitunguu, sukari, pilipili manga na sosi ya samaki, kisha hubanwa kwenye wavu wa chuma na kuchomwa juu ya mkaa huku mpishi akipepea.

Sosi ya samaki inahitaji maelezo. Wavietnam huiita nước mắm. Hutengenezwa kwa samaki wadogo, jamaa wa dagaa, wanaopangwa na chumvi nyingi kwenye mapipa na kuachwa miezi mingi hadi watoe maji ya rangi ya chai. Ikiwa peke yake, harufu yake ni kali. Ikichanganywa na maji, sukari, ndimu au siki, kitunguu saumu na pilipili, inakuwa mchuzi wenye chumvi, utamu, uchachu na ukali kwa pamoja. Mchuzi huo huwekwa vipande vya papai bichi na karoti, halafu nyama ya moto hutumbukizwa humo.

Mlaji huletewa bakuli la nyama na mchuzi, sahani ya tambi, na rundo la majani mabichi kama saladi, nanaa na giligilani. Hamwagi vyote pamoja. Anachukua tambi kidogo kwa vijiti, anazichovya kwenye mchuzi, anaongeza kipande cha nyama na jani, anakula, kisha anarudia. Ni mwendo uleule wa kumega ugali, kuchovya na kuongeza kachumbari.

Hiki ni chakula cha Hanoi na kaskazini mwa nchi, na kwa kawaida huliwa mchana. Kusini wanacho ndugu yake, bún thịt nướng. Huko nyama hulowekwa na mchaichai, ule tunaotia kwenye chai, na vyote hupangwa kwenye bakuli moja, tambi zikiwa chini, kisha hunyunyiziwa karanga zilizotwangwa.

Dunia ilikiangalia chakula hiki kwa makini mwezi Mei 2016, pale Rais wa Marekani wa wakati huo, Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya wa Siaya, alipokaa kwenye kigoda cha plastiki katika mgahawa wa Bún chả Hương Liên jijini Hanoi. Alikuwa na mpishi na mtangazaji wa televisheni Anthony Bourdain, ambaye alisema bili yao wote wawili ilikuwa dola 6. Baadaye mgahawa uliifunika meza hiyo kwa kioo na kuihifadhi. Kilichowavutia wengi ni jambo ambalo mteja wa kibanda cha Mbangala analijua tayari: chakula kizuri hakihitaji kitambaa mezani.

Unene wa kipande na suala la kuiva

Ipo tofauti moja ya kiufundi kati ya majiko haya mawili, nayo ina uzito. Mpishi wa Hanoi hukata nyama nyembamba, au huisaga na kuibonyeza iwe bapa. Moto hufika katikati ndani ya dakika chache. Kwetu, anayeagiza "choma" mara nyingi hupewa pande nene. Nje linakuwa jeusi na kunukia vizuri, wakati ndani karibu na mfupa bado ni jekundu. Mteja mwenye njaa anamharakisha mpishi, naye anaitoa.

Hapo ndipo tegu wa nguruwe anapopata nafasi. Nguruwe mwenye ugonjwa huu huwa na vijifuko vyenye maji, vikubwa kama punje ya mahindi hivi, ndani ya misuli yake. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, kijifuko kinaweza kukua kuwa mnyoo kwenye utumbo wake, wenye urefu wa mita 2 hadi 7. Mara nyingi mtu huyo hajui kwamba anao. Lakini kila anapokwenda haja kubwa, anaweza kutoa maelfu ya mayai ya tegu.

Sehemu inayofuata ndiyo isiyoeleweka na wengi. Kifafa kinachohusishwa na tegu hakitoki moja kwa moja kwenye nyama. Kinatoka kwenye mayai hayo. Mayai yakiingia mdomoni kwa mikono michafu, maji machafu au mboga mbichi, hupita kwenye damu na kuweka vijifuko mwilini mwa binadamu, ikiwemo kwenye ubongo. Kijifuko cha ubongoni kinaweza kuleta degedege na kifafa, au maumivu makali ya kichwa.

Maana yake ni kwamba hata mtu ambaye hajawahi kula nguruwe maishani mwake anaweza kuugua. Inatosha aishi jirani na mtu mwenye tegu asiyetumia choo, au ahudumiwe chakula na mtu mwenye tegu asiyenawa mikono. Vilevile, katika sahani ya kitimoto au ya bún chả, hatari ya kifafa inaweza kuwa kwenye kachumbari na majani mabichi yasiyooshwa vizuri, huku nyama yenyewe ikiwa imeiva.

Hili si jambo la mbali nasi. Utafiti uliofanyika katika vijiji 13 vya Wilaya ya Mbozi na kuchapishwa mwaka 2013 uliwapima watu zaidi ya 800. Takriban watu 17 kati ya kila 100 walikuwa na viashiria kwenye damu vya kuwa na vijifuko vya tegu mwilini, na takriban 5 kati ya 100 walikuwa na viashiria vya mnyoo wenyewe tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi ambako nguruwe huzurura karibu na watu, tegu huyu huhusika na asilimia 30 ya wagonjwa wa kifafa.

Kwa hiyo mgonjwa wa kifafa hajarogwa, na kifafa hakiambukizwi kwa kumgusa mgonjwa au kula naye. Anahitaji hospitali. Anayehisi ana tegu naye asinunue dawa za minyoo kiholela, kwa kuwa baadhi yake zinaweza kuamsha degedege kwa mtu mwenye vijifuko kwenye ubongo bila kujua. Aanzie kituo cha afya.

Homa ya nguruwe: ugonjwa unaoziunganisha Songwe na Hanoi

Ugonjwa wa pili haumdhuru mlaji, lakini unaweza kufunga kibanda na kumaliza banda zima la mfugaji. Ni homa ya nguruwe ya Afrika. Virusi vyake havimwambukizi binadamu. Kwa nguruwe wa kufugwa, aina kali huua karibu wote walioambukizwa, na hakuna tiba.

Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya, na daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery, mwaka 1921. Porini virusi huishi kwa ngiri na kwa papasi wanaokaa kwenye mashimo yao, bila ngiri kuonyesha ugonjwa. Vikifika kwa nguruwe wa kufugwa, husambaa kwa kugusana, kwa damu, kwa viatu na magari, na kwa makombo ya nyama mbichi au isiyoiva wanayolishwa nguruwe.

Mwishoni mwa mwaka 2010 mlipuko ulitokea Kyela, mpakani na Malawi, na katika muda uliofuata ugonjwa ukafika maeneo mengine ya nchi, hadi Dar es Salaam. Wanasayansi walipochunguza virusi hivyo, walikuta ni vya kundi linaloitwa jenotaipu ya pili, lenye asili ya kusini-mashariki mwa Afrika.

Kundi hilohilo lilikuwa limeshavuka bahari. Mwaka 2007 lilionekana nchini Georgia, kwenye Bahari Nyeusi, na inaaminika lilifika kwa mabaki ya chakula cha melini yaliyolishwa nguruwe karibu na bandari. Kutoka hapo lilienda Urusi, China mwaka 2018, na Februari 2019 Vietnam ikatangaza kuwa imeingiliwa. Ndani ya mwaka huo Vietnam iliteketeza karibu nguruwe milioni 6. Bei ya nyama ikapanda, na wauzaji wa bún chả wakakumbana na hesabu ambayo muuzaji wa kitimoto anaifahamu: upunguze kipimo, upandishe bei, au ufunge.

Mwezi Juni 2022 Vietnam ilikuwa nchi ya kwanza kuidhinisha chanjo ya kibiashara ya ugonjwa huu, na Julai 2023 ikaruhusu chanjo itumike nchi nzima. Ni hatua kubwa, lakini haimaanishi mfugaji wa Songwe aagize dozi kesho. Chanjo hizo zilitengenezwa kwa ajili ya jenotaipu ya pili, wakati Afrika Mashariki ina makundi mengine pia ya virusi hivi. Kwa sasa kinga yetu kubwa bado ni usafi wa banda na kudhibiti usafirishaji wa nguruwe na nyama, jambo lenye uzito wa pekee kwenye mkoa wenye mpaka wa Tunduma na Nakonde, ambako malori hupita usiku na mchana.

Mambo ya kuangalia kabla ya kuagiza

Muhuri. Nyama inayouzwa inatakiwa iwe imekaguliwa na mkaguzi wa nyama, na Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006 inasimamia machinjio, mabucha na usafirishaji. Uliza imekaguliwa wapi. Muuzaji mwaminifu hakasiriki kwa swali hilo.

Nyama mbichi. Kabla haijapikwa, iangalie sehemu iliyokatwa. Ukiona vijifuko vyeupe vyenye maji, usiichukue, na mjulishe afisa mifugo wa kata. Kuangalia chini ya ulimi wa nguruwe aliye hai, kama wanunuzi wengi wanavyofanya, husaidia, ila humkosa nguruwe mwenye vijifuko vichache.

Kuiva. Pasua kipande kinene katikati. Kisiwe na wekundu, na maji yake yawe meupe. Kama bado, rudisha jikoni. Mwambie tu mpishi: "Dada, naomba uirudishe kidogo, ndani bado." Ukitaka choma, omba vipande vyembamba, vinaiva mapema na vinashika viungo zaidi.

Mboga mbichi na mikono. Angalia kama kuna maji yanayotiririka na sabuni, kwa mteja na kwa mhudumu. Kachumbari ioshwe kwa maji safi kabla ya kukatwa.

Makombo. Usibebe mifupa na mabaki ya kitimoto kwenda kuwapa nguruwe wa nyumbani, hasa nyama ikiwa imetoka mahali pengine.

Kwa mfugaji: nguruwe akae bandani, na kila kaya iwe na choo kinachotumika. Hayo mawili hukata mzunguko wa tegu. Ipo pia dawa iitwayo oxfendazole, ambayo dozi moja huua vijifuko kwenye misuli ya nguruwe. Itolewe kwa maelekezo ya afisa mifugo, na nguruwe asichinjwe hadi siku alizotaja zipite. Nguruwe wakianza kufa kwa mfululizo, usiuze haraka ili "kuokoa hela". Toa taarifa, kwa sababu nyama ya banda moja inaweza kumaliza nguruwe wa kata nzima.

Ukitaka kujaribu bún chả nyumbani

Kwa watu wanne, chukua nusu kilo ya nguruwe iliyokaguliwa, yenye mafuta kiasi. Kata vipande vyembamba kama unene wa kidole kidogo, au pungufu. Loweka nusu saa kwenye kitunguu saumu kilichotwangwa, kitunguu maji, pilipili manga, kijiko kimoja cha sukari na vijiko viwili vya sosi ya samaki. Sosi hiyo huuzwa kwenye maduka makubwa ya mijini. Ukiikosa, tumia sosi ya soya. Ladha itabadilika, lakini chakula kitalika.

Kwa mchuzi, changanya kipimo kimoja cha sosi, kimoja cha sukari, kimoja cha maji ya ndimu na vitano vya maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa. Ongeza kitunguu saumu, pilipili, na vipande vyembamba vya papai bichi na karoti. Chemsha tambi za mchele hadi zilainike, zichuje na uzisuuze kwa maji safi ya baridi. Choma nyama kwa mkaa hadi iive kabisa, itumbukize kwenye mchuzi, na weka nanaa na giligilani vilivyooshwa vizuri.

Ukila, utaona si chakula kigeni sana. Ni nguruwe, mkaa, ndimu na pilipili, vitu ambavyo kibanda cha Mbangala kinavyo kila jioni. Na ukirudi pale kibandani, anza na maswali mawili kabla ya kutaja nusu au robo: imekaguliwa wapi, na itakaa jikoni muda gani? Kama jibu la pili ni "subiri kidogo, bosi", subiri.